Maandamano ya somo yatangulie Misa

Ndugu Mhariri,

Tumsifu Yesu Kristo. Wasomaji wako wamelalamika kwamba maandamano ya somo (mtakatifu msimamizi) wa kigango, kanisa dogo la parokia, huku vijijini yamegeuka vurugu: sanamu inayumba, wa mbele wanaimba wimbo huu na wa nyuma ule, na nusu ya watu wameshatokomea kabla ya baraka. Malalamiko hayo ni ya haki. Ila dawa ya kuyafuta maandamano kabisa hatuiafiki. Sisi wa kamati za liturujia Mufindi tunaona ugonjwa uko kwenye saa. Vigango vingi huandamana baada ya Misa, na hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Chukua 29 Juni, Watakatifu Petro na Paulo. Misa ikianza saa nne itaisha saa saba, maana siku hiyo kuna ubatizo, matoleo ya kila jumuiya, na matangazo ya michango yasiyokwisha. Ndipo watu waanze kupangwa barabarani. Watoto wa Utoto Mtakatifu (chama cha watoto wa Kanisa) hawajatia kitu tumboni tangu alfajiri, upepo wa kiangazi umeshaanza kupeperusha vumbi, malori ya mbao yanapita, na nyuma ya nyumba ya katekista pilau imeiva. Kuna na ndoo za ulanzi (pombe ya mianzi) wa jana, ambao leo ni mkangafu, yaani umeshakuwa mkali. Nani atamfuata Petro hadi njia panda na kurudi?

Maandamano yaanze saa mbili na nusu asubuhi, yaishie mlangoni mwa kanisa, na wimbo wa kuingilia uwe ndio mwisho wake. Baridi ipo, ukungu nao huenda haujaondoka, lakini sweta chini ya kanzu nyeupe inamtosha mtoto. Utaratibu wa Kanisa wenyewe unaelekea huko. Maelekezo ya jumla ya Misale ya Kirumi, namba 277, yanasema sanamu ya mtakatifu iliyowekwa kwa heshima ya watu ifukiziwe ubani mwanzoni mwa adhimisho tu, baada ya altare, kwa hiyo iwe imeshafika kanisani. Tena ni kwa kupunga chetezo mara mbili. Mara tatu ni kwa Ekaristi, msalaba, Injili, mshumaa wa Pasaka, padri na waamini. Watumikizi wengi humfukizia somo mara tatu na hakuna anayewasahihisha.

Njia isizidi kilometa moja na nusu. Mwendo wa watu wenye sanamu, pamoja na vituo, ni kama kilometa mbili kwa saa, kwa hiyo hata hiyo inachukua dakika 45.

Kuhusu nyimbo kugongana, watu hulaumu kwaya bure. Watu 400 wakitembea wawili wawili, mita moja kati ya safu na safu, mstari unafika mita 200. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo aliye mkiani anaisikia kwaya iliyo mbele zaidi ya nusu sekunde baadaye. Kwa wimbo wa ngoma ya haraka hilo ni pigo zima, na hata mwimbaji hodari hawezi kulifidia. Wapange wanne wanne, mstari uwe mita 100, kwaya ikae katikati. Hapo aliye mbali zaidi yuko mita 50 tu na ucheleweshaji unapungua hadi robo. Spika nayo ikae hapohapo katikati. Ikiwekwa kwenye gari la mbele inarudisha tatizo lilelile. Nyimbo za kiitikio kifupi, au litania, hustahimili kuliko nyimbo za beti ndefu.

Machela ya kubebea sanamu ndiyo inayotuumiza kichwa zaidi. Miti miwili ya msindano mkavu, mita 3 kila mmoja, inayoshikika kwa kiganja, inatosha. Mlingoti mbichi ni mzito, na ukikauka hupasuka. Kati ya mti na mti pawe na sentimeta 60, wabebaji wasigongane mabega. Kitako cha sanamu kizame ndani ya fremu ya mbao ya sentimeta 5, kisha kifungwe pande zote nne kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Kamba ya katani hulegea kadiri machela inavyotikisika, mpira haulegei. Maua yaje mwisho, kuficha mpira. Kuna vigango huanza na maua, halafu fundo la kukaza halionekani liko wapi.

Sanamu za jasi hazivunjiki kiunoni kama watu wanavyohofia. Zinazotangulia kuvunjika ni funguo za Petro na upanga wa Paulo, kwa kuwa ni vyembamba na vimechomoza. Vikiwa vya kuchomoka, vichomolewe, vibebwe kwenye kikapu na kurudishwa mahali pake kanisani. Mvua ikinyesha, funika kwa nailoni mara moja. Jasi hunywa maji na rangi hubanduka.

Wabebaji ni wanne wa kimo kinacholingana, wabadilishwe kila mita 200 hadi 300. Kimo kikitofautiana, penye kupanda warefu wakae nyuma, penye kuteremka waje mbele. Wasibadilishane huku wanatembea. Machela itue kwanza kwenye vigoda viwili. Vigoda hivyo apewe mtu maalumu, kwani ndivyo vinavyosahaulika nyumbani kwa mwenyekiti.

Safu ya wanne inakula nusu ya barabara. Sheria ya Polisi, Sura ya 322, inataka taarifa ya maandishi kwa polisi wa eneo saa 48 kabla ya maandamano mahali pa wazi. Ni vizuri nakala ipelekwe kwa mtendaji wa kijiji. Wawekeni wanaume wawili wenye vizibao vya kung'aa, mmoja mita 50 mbele ya msalaba na mwingine mita 50 nyuma ya mkia. Lori la mbao halisimami ghafla.

Kwa tarehe, kanuni za mwaka wa liturujia za 1969 zinaruhusu 29 Juni inayoangukia katikati ya wiki iadhimishwe Dominika ya kawaida. Wenye somo Yosefu wa 19 Machi hawana nafasi hiyo, maana Dominika za Kwaresima hazimpishi. Mwaka 2023 ilipoangukia Dominika ilisogezwa hadi Jumatatu tarehe 20. Hao wana masika pia, hivyo wapange njia fupi zaidi na nailoni ya kutosha.

Wanaosema watu huchelewa, asubuhi hakutakuwa na maandamano, wajaribu hivi: kila jumuiya ijikusanye kwenye njia ile ile ya maandamano, na msafara uipitie. Anayechelewa ataukuta unapita mlangoni kwake. Ratiba itangazwe kabla ya novena (sala ya siku tisa) kuanza 20 Juni, na wapishi waambiwe nyama iingie jikoni saa kumi alfajiri.

Wanakamati wa liturujia,
Mufindi, Iringa