Kutokuwa na viatu si kutelekezwa

Ndugu Mhariri,

Mtoto kaja shuleni pekupeku, sare imechanika, daftari hana. Mwalimu anaandika "ametelekezwa" na kupeleka jina kwa mtendaji. Hapo amewahi mno. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 kinataka taarifa kuhusu mzazi au mlezi anayeweza kumpa mtoto chakula, mavazi, matibabu na elimu, ila anakataa au anapuuza. Uzito wote uko kwenye "anayeweza".

Muulize mtoto pembeni, si mbele ya darasa: jana usiku mlikula nini, na mama je? Kama wote walilalia uji, hiyo ni njaa ya kaya; waunganishe na afisa ustawi wa jamii. Kama wenzake walikula yeye akanyimwa (mara nyingi ni mtoto wa kambo), toa taarifa. Vivyo hivyo matibabu yakipatikana bure na nauli ipo, lakini bado hapelekwi.

Andika ulichokiona: "Jumatatu na Jumanne kidonda mguuni kinatoa usaha, hakijafungwa." "Mzazi mzembe" ni hukumu, haimsaidii afisa kitu.

Kipigo na ubakaji havingoji maswali hayo: piga 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, au nenda dawati la jinsia na watoto la polisi. Na mtoto wa miezi 6 hadi 59 ambaye utepe wa kupimia mzingo wa mkono umesoma chini ya sentimita 11.5 (dalili ya utapiamlo mkali) apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, kwao kuwe na uwezo kusiwe nao.

Msomaji,
Dodoma