Barua kwa Mama Eliya kuhusu safari ya Chicago

Dodoma, 18 Mei

Mpenzi Mama Eliya,

Mbukwa, shoga yangu! Mpwapwa hamjambo? Sisi wazima, ila upepo wa msimu huu na vumbi lake unaujua mwenyewe.

Tiketi aliyokukatia Eliya nimeisoma yote. Hizo kilomita 13,500 alizokutajia ni za kukata moja kwa moja hewani toka Dar mpaka Chicago, na ndege ya kwenda hivyo hakuna. Wewe unapitia Doha: kama 3,800 mpaka hapo, halafu kama 11,450 zilizobaki. Jumlisha, utaona mzunguko umeongeza 1,750 tu, ambazo ndege inazimaliza kwa saa mbili. Basi usimgombeze mtoto kwa kukupitisha Uarabuni. Kitakachokuchosha ni zile saa tisa na nusu za kukaa Doha. Beba khanga ya kujifunika, viwanja vile vina baridi.

Sasa hesabu yako ya saa. Unaondoka Doha saa 2:00 asubuhi, unashuka Chicago saa 8:30 mchana siku hiyohiyo, ukasema safari ni saa sita na nusu. Pole, mama! Tiketi huandika saa za kila mji kwa mji wake. Doha saa zao ni kama zetu, lakini Chicago mwezi wa Juni wako nyuma yetu kwa saa 8. Unaposhuka, huku Dodoma ni saa 4:30 usiku, mimi nimeshafunga mlango. Kwa hiyo ni saa 14 na nusu kitini. Miguu itavimba, inuka utembee, wala usione haya kumwamsha jirani.

Kiramani cha kwenye kiti nacho kisikutishe kikionyesha mmepanda Ulaya mkaelekea upande wa Greenland. Rubani hajapotea. Chukua boga la mviringo, tia alama mbili za mkaa karibu na kikonyo, moja huku na moja kule, zikiwa usawa mmoja. Vuta uzi ukaze kati yake: wenyewe utapandia kwenye kikonyo, maana huko ndiko kufupi. Ramani ya ukutani ndiyo inayodanganya.

Kurudi kutapungua saa moja au zaidi, kwa sababu huko juu upepo mkali huvuma toka magharibi na utawasukuma.

Kuhusu Dar, ndege yako ni saa 11 jioni, na treni ya SGR ya asubuhi ingewahi kama kila kitu kikienda sawa. Mimi siiamini foleni ya kwenda uwanjani ukiwa na masanduku. Njoo Jumanne ulale kwangu, Jumatano tukupandishe treni, Dar ulale kwa wifi yako. Karanga za mjukuu zikaange kabisa, na nitumie picha ya pasipoti nione tarehe yake.

Wako,
Mama Upendo