Neno la Mama Rehema

Tanga, Jumapili jioni

Shoga yangu,

Salamu nyingi, na radhi kwa kimya hiki tangu Idi. Huku wazima sote, ila bibi magoti yamemkamata na mvua hizi.

Nakuandikia kwa ajili ya Mama Rehema. Yule bwana wake bado hajarudi, mwaka wa nne huu, si barua si simu. Sasa ameamua kwenda mahakamani. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamruhusu, kwani kutelekezwa kwa makusudi miaka 3 ni ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Wakili kampa karatasi ya Kiingereza, kaja nayo kwangu nimfasirie. Humo ndani mna neno abandonment, yaani mtu kumwondokea mwenzake asimjali tena, mara sita.

Nikaandika haraka: "mume wangu aliniacha." Nilipomsomea akaweka kikombe chini. "Futa hilo. Angeniacha ningekuwa na talaka yangu, ningekaa eda nikaimaliza. Huyu hakuniacha, wala hakukaa nami."

Shoga, nilinyamaza. Kweli kwetu kuachwa ni kufunguliwa. Yeye yuko kama yule wa Sura An-Nisaa, aliyetundikwa: si mke, si mtalaka.

Usiku nikafungua kamusi. Neno lenyewe, hilo abandonment, limetoka kwa Wafaransa wa kale, à bandon, yaani chini ya mamlaka ya mtu. Ulikuwa unamkabidhi mtu kwa mwenye amri, kisha unaondoa mkono wako. Bandon hilo lina udugu na ban, tangazo la mtawala, na ndiko lilikotoka pia contraband, bidhaa za magendo, zinazopitishwa kinyume cha tangazo. Kwa hiyo mwanzoni alikuwapo wa kumpokea anayeachwa. Baadaye mpokeaji akapotea ndani ya neno, akabaki anayeondoka tu. Nimeliwaza hili siku tatu. Mama Rehema alikabidhiwa nani? Mwenye nyumba, anayegonga mlango kila tarehe moja?

Nikaweka "alinitelekeza". Kijana wa steshenari akachapa "alinitekeleza", herufi mbili zimebadilishana nafasi! Yaani bwana katimiza wajibu wake wote. Bahati niliisoma kabla haijapigwa muhuri. Nilikasirika mpaka nikatetemeka, maana karatasi ile ingesema uongo mbele ya hakimu.

Lakini hata telekeza halijanituliza. Nikilisikia naona chungu kilichotelekwa, aliyekiteleka katoka, mchuzi umekauka, harufu ya kuungua imefika barazani. Mama Rehema mwenyewe anasema "kanitupa". Nilimwambia mahakamani haliendi hilo. Akaniuliza kwa nini haliendi, na mimi sikuwa na jibu. Nadhani yeye ndiye analijua neno lake, kuliko mimi na kamusi yangu.

Karatasi inatakiwa Alhamisi. Nisaidie, tafadhali. Nibaki na "kutelekezwa" kwa sababu ndilo la sheria, au niandike na "kanitupa" kama maneno yake mwenyewe? Huko Mombasa mwanamke wa namna hii mnamwitaje? Mama yako alikuwa akisemaje, enzi zile mjomba alipopanda meli? Yule shoga yako wa mahakama ya kadhi bado yupo, anaweza kuniambia? Na wewe mwenyewe, kifua kimepoa? Utakuja lini?

Nijibu kabla ya Jumatano. Mama Rehema anapita kila jioni kuuliza.

Wako,
Shoga yako wa Ngamiani