Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: picha za Gombe zitufikie Kigoma

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima kutoka Kigoma, mwisho wa reli. Mimi ni mkufunzi wa baiolojia katika chuo kimoja hapa mjini. Nina ombi kuhusu video za masomo ambazo maktaba za vyuo hulipia mtandaoni.

Muhula uliopita nilifundisha tabia za wanyama. Niliwasha projekta, nikafungua video ya sokwe anayevua mchwa kwa bua la nyasi. Mkono ukanyanyuka, bua likakaribia kichuguu, picha ikaganda. Kile kiduara kilizunguka hadi kipindi kikaisha. Mwanafunzi mmoja, mzaliwa wa Mwamgongo, kijiji kinachopakana na hifadhi ya Gombe, akaniambia kwa upole: "Mwalimu, acha tu, nitawaeleza mimi." Alieleza vizuri sana, lakini roho iliniuma. Jambo lile mtafiti wa sokwe Jane Goodall aliliona palepale Gombe mwaka 1960, na mpiga picha Hugo van Lawick akaanza kuwarekodi sokwe hao mwaka 1962. Ukipanda boti Kibirizi, unafika siku hiyohiyo. Kuiona video yake darasani ndiko kumetushinda.

Zamani maktaba ilinunua DVD ikawa mali yake. Siku hizi ni kama kupanga chumba: leseni ya mwaka mmoja au miaka michache, muda ukiisha video inaondoka hata kama somo bado linaihitaji. Upo pia mkataba ambao Kanopy, huduma ya filamu za mtandaoni kwa maktaba, wamekuwa wakiutumia na vyuo: filamu ikitazamwa mara nne, hata kwa sekunde 30 tu kila mara, chuo kinadaiwa leseni nzima. Sasa chukua wanafunzi wanne wa huku kwetu. Kila mmoja anafungua, anaona sekunde 40, mtandao unakata. Hakuna aliyejifunza kitu, na deni limeshaingia. Mwaka 2019 maktaba za umma za jiji la New York zilijitoa Kanopy kwa sababu ya gharama. Kama wao waliona ni mzigo, sisi je?

Mheshimiwa, COTUL, muungano wa maktaba za vyuo vikuu na taasisi za utafiti nchini, una uzoefu wa kutafuta majarida ya kielektroniki kwa pamoja. Naomba wizara iusaidie ufanye hivyo kwa video, na vyuo vidogo vya mikoani visiachwe nje. Kifungu kimoja kisikosekane katika mkataba wowote: maktaba iruhusiwe kuweka nakala kwenye seva yake ya ndani, yaani kompyuta ya kuhifadhia iliyo hapohapo chuoni.

Video ya saa moja, ya ubora wa kawaida, hula karibu GB 1. Wanafunzi 40 wakiivuta kila mmoja kwa bando lake, ni GB 40 zimetoka mifukoni mwa watoto wa wavuvi na wakulima. Ikishushwa mara moja usiku, wote wanaitazama kwa Wi-Fi ya maktaba, hata siku ambayo intaneti haipo kabisa. Wenye hakimiliki ya filamu wakihofia wizi, seva idai namba ya usajili na izuie kunakili. Ruhusa ya kuweka maandishi ya Kiswahili chini ya picha nayo iombwe palepale mezani.

Tuanze na zile zilizorekodiwa Gombe. Mada ya tabia za wanyama nitaifundisha tena mwezi wa tano, na yule kijana wa Mwamgongo atakuwa ameshahitimu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkufunzi wa baiolojia,
Kigoma