Yah: Magnolia mliyoniuzia siyo iliyoandikwa kwenye lebo

Ndugu Meneja,

Salamu. Sera yenu kuhusu mche usiolingana na lebo mnaijua kuliko mimi, siirudii hapa.

Lebo ya mti wa maua niliounua kwenu inasema Magnolia soulangeana, mche wa kubebesha, yaani kitawi kilichounganishwa kwenye shina la mche mwingine. Hiyo ni chotara ya Ufaransa ya miaka ya 1820: hupukutisha majani, kisha huchanua maua ya waridi na zambarau matawi yakiwa bado matupu, tena ingali changa. Huu wangu umemaliza majira ya baridi na majani yake yote. Ni magumu, juu yanang'aa, chini yana manyoya ya rangi ya kutu. Hiyo ni Magnolia grandiflora ya kusini-mashariki mwa Marekani, ya maua meupe. Na shina halina kovu la kubebeshea popote. Yaelekea ni mche wa mbegu, ambao waweza kupitisha miaka 10 bila kutoa ua.

Nilipowaletea kitawi na risiti, mhudumu wenu wa kaunta alichuma jani, akalikunja mpaka likakatika, akalitupa sakafuni na kusema mbele ya wateja: "Magnolia ni magnolia. Kamwagilie."

Picha ya jani hilohilo, upande wa chini, nilikuwa nimekwisha kuwatumia kwa barua pepe. Kimya.

Narudia, maana sijalisahau. Nilikuwa namwonyesha manyoya yale ya kutu. Yeye akagusa pete inayozunguka kitawi pale jani lilipoota, akacheka: "Si hii hapa alama yake?" Pete hiyo inaonyesha kuwa ni magnolia, haisemi ni ipi! Kabla sijamaliza kumweleza, jani liko sakafuni, naye kanigeuzia mgongo anamhudumia mwingine.

Siku ile nilitaka kubadilishiwa mche tu. Sasa haitoshi. Mizizi ya magnolia ni minene, myepesi kukatika, na haipendi kuhamishwa. Kazi ya kuung'oa ni yenu, na gharama ni zenu. Nataka fedha zangu zote, soulangeana iliyobebeshwa kweli, na radhi ya maandishi ya mhudumu yule. Na miche yote yenye lebo kama yangu iondolewe mauzoni mpaka ikaguliwe.

Nawapa siku 14. Zikipita, lebo, risiti na picha nazipeleka kwa mamlaka ya kulinda walaji, na baada ya hapo tutaonana mahakamani, ambako nitadai na fidia.

Wasalaam,
Mteja wenu