Kizibo cha sikio kikivaliwa vibaya ni bure

Mhariri,

Katika mijengo mingi siku hizi vizibo vya masikio vya sponji hugawiwa asubuhi pamoja na helmeti, kibarua anatia sahihi daftarini, na hapo wasimamizi huona wamemaliza. Ukipita saa nne utakuta kizibo kimechungulia nje ya sikio nusu nzima, na fundi ameinamia grainda anakata nondo. Kizibo hicho hakimkingi.

Kanuni za Kenya za kuzuia kelele kazini, za mwaka 2005, zinakataza mfanyakazi kukaa kwenye kelele inayozidi wastani wa desibeli (kipimo cha ukali wa sauti) 90 kwa saa 8. Ikizidi 85, mwajiri anatakiwa awe na mpango ulioandikwa wa kuipunguza na kulinda masikio ya watu wake. Ila desibeli hazihesabiwi kama shilingi. Kila zikiongezeka 3, nguvu ya sauti imekuwa maradufu. NIOSH, taasisi ya Marekani inayochunguza usalama kazini, hupima hivi: kwenye 85 kaa saa 8, kwenye 88 saa 4, kwenye 91 saa 2, na kwenye 100 dakika 15 peke yake. Grainda na mashine ya kutindua konkriti hufika 100, mara nyingi huzidi. Anayekata vigae ndani ya bafu, sauti ikigonga kuta nne na kumrudia, amemaliza kiasi chake cha siku kabla ya chai ya saa nne. Asiye na kifaa cha kupimia asimame umbali wa mkono mmoja na mwenzake. Wakilazimika kupaza sauti ili wasikizane, hapo pana kelele ya kudhuru.

Kuvaa kizibo cha sponji kunataka mikono safi. Vumbi la simiti likibebwa na kidole hadi ndani ya sikio litawasha na kuleta vidonda, na huyo hatavaa tena. Basi nawa kwanza. Kiviringishe kizibo kati ya vidole mpaka kiwe chembamba kama njiti, bila mkunjo. Pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa, shika ncha ya juu ya sikio, livute juu na nyuma ili tundu linyooke, kisha sukuma kizibo ndani. Usikiachie. Kishikilie kwa kidole sekunde 20 hadi 30 kitanuke. Watu wengi hukosea hapa: wanakiachia mara moja, nacho kinatanuka mlangoni badala ya ndani. Ukitazamwa kwa mbele, kizibo kilichokaa vizuri hakionekani kikichomoza.

Wanaotumia vifunika masikio vya nje wana shida nyingine. Boshori ikivaliwa chini yake, au miwani yenye mikono minene, huacha mwanya, na sauti hupenya mwanya kama maji. Mito yake ikikakamaa kwa jasho na vumbi ibadilishwe. Pamba na karatasi ya shashi si kinga. Earphone za simu ni mbaya zaidi, maana muziki unaongezwa mpaka uishinde mashine.

Nambari ya kwenye pakiti nayo inahitaji kusomwa kwa uangalifu. NRR ni kiwango cha kinga kupunguza kelele, na ikiandikwa NRR 33, hiyo ilipatikana maabarani. Hesabu inayotumiwa Marekani ni kutoa 7, kisha kugawanya kwa 2: inabaki 13. Kelele ya 100 inakufikia ikiwa 87. Kwa mashine ya kutindua, vaa kizibo na kifunika juu yake, utaongeza kinga ya kama desibeli 5. Halafu kuna muda. Kizibo kinachopunguza desibeli 30, kikitolewa nusu saa tu katika zamu ya saa 8, mwisho wa siku kimekupunguzia 12 tu.

Jioni masikio hulia kama nyenje, asubuhi yamefunguka, na mtu hudhani yamepona. Sivyo. Seli zenye vinyweleo ndani ya sikio zikifa hazioti tena, na zinazotangulia ni zile za sauti nyembamba. Irabu zinasikika, ila s, t, f, sh na k zinapotea. Mwite fundi huyo umwambie mifuko sita, atasikia tisa, kwa sababu irabu ni zilezile. Mwambie “pita” chini ya mzigo unaopandishwa, naye asikie “shika”.

Hofu ya kutosikia ukiitwa ni ya kweli. Dawa yake ni kuchagua kinga inayoshusha kelele hadi kati ya 75 na 80 sikioni, si ile kali kuliko zote dukani, na kukubaliana ishara za mikono kabla ya kazi kuanza.

Msimamizi pia ana la kufanya bila kununua kitu. Mahali pa wazi, umbali ukiongezwa maradufu kelele hushuka kama desibeli 6. Jenereta iliyo mita 2 kutoka kwa wapiga plasta ikisogezwa hadi mita 8, zimepungua 12. Kinachotakiwa ni waya mrefu tu.

Jambo la mwisho ni kipimo cha masikio. Kipimo cha kwanza kifanywe kabla mtu hajaanza kazi, akiwa amekaa angalau saa 14 mbali na kelele. Jumatatu alfajiri inafaa. Vibarua wetu huhama mjengo kila baada ya miezi michache, na karatasi ya kipimo, ikiwapo, hubaki ofisini kwa mwanakandarasi. Naomba Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, ambayo tayari husajili mafundi, iagize nakala ya kipimo apewe fundi mwenyewe, aende nayo kila mjengo anaoingia.

Afisa wa usalama kazini,
Nairobi