Barua ya kufunga muhula: kengele moja, maelezo manne

Mufindi, Iringa
Juni

Ndugu Wazazi na Walezi,

YAH: KUFUNGA MUHULA WA KWANZA NA RATIBA MPYA YA ASUBUHI

Kamwene. Poleni na kipupwe, na poleni na kazi.

Tumefunga muhula salama. Ripoti ya kila mtoto imeambatanishwa na barua hii, na tarehe ya kufungua mwezi Julai imeandikwa chini yake. Mwenye swali kuhusu alama amwone mwalimu wa darasa. Darasa la Saba wana mtihani wao wa taifa Septemba, hivyo naomba likizo hii wapewe walau saa moja ya daftari kila siku, hata kama kuna mahindi ya kupukuchua.

Jambo ninalotaka tulizungumze kwa kirefu ni kengele.

Jumatatu ya pili ya Mei tulisogeza ratiba mbele kwa nusu saa. Mstarini ni saa 2:00 asubuhi badala ya saa 1:30, kipindi cha kwanza saa 2:30, na watoto wanatoka saa 9:30 alasiri badala ya saa 9:00. Habari yenyewe ni hiyo tu. Lakini wiki haikuisha kabla haijapata sura nne, na kila sura ilikuwa na watu wake walioiamini. Kulikuwa na tangazo langu ubaoni, ujumbe wa mama mmoja kwenye kundi letu la WhatsApp, karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa duka, na insha ya mwanafunzi wa Darasa la Tano.

Mwalimu wa Kiswahili wa Darasa la Saba aliniomba ayapeleke yote manne darasani, majina ya waandishi yakiwa yameondolewa. Nilikubali, nikaenda kukaa dawati la nyuma. Aliandika ubaoni: Nani anaandika? Anamwandikia nani? Anataka msomaji afanye nini? Ameacha nini? Kisha akawaachia watoto wabishane.

Karatasi ya dukani haikuwachukua muda. Ilisema shule imepunguza masomo, basi wazazi wawalete watoto tuisheni jioni. Huyu anatafuta wanafunzi, walisema, na wakahesabu vipindi wenyewe: idadi ni ile ile, na kila kimoja kina dakika zake 40 kama zamani. Nalisema hili wazi kwa sababu najua wapo waliokwisha kulipa kwa hofu hiyo.

Ujumbe wa mama ndio uliowashika. Aliandika usiku kwamba shule inawashindisha watoto na njaa mpaka saa 10:00, na kwamba walimu wamejipangia muda wa kulala. Wengi wenu mlimjibu kwa ukali, mkamwita mpotoshaji. Darasani pia mtoto wa kwanza kunyoosha mkono alisema, "Huyu ni mwongo." Mwalimu akamwambia arudi kwenye swali la pili. Kukawa kimya, kisha mvulana mmoja akasema mama huyu hawaandikii wazazi wenzake, anamwandikia Mwalimu Mkuu, ila amepitia kwa wazazi ili Mwalimu Mkuu asiweze kunyamaza.

Nilikuwa nimekaa pale nyuma. Nawaambieni, nimefundisha miaka mingi, na sikuwa nimeuona ujumbe ule hivyo.

Saa 10:00 si kweli, na kengele haikusogezwa ili walimu walale. Njaa ni kweli. Mama huyu anachuma chai, anatoka nyumbani gizani, na mtoto wake anaondoka na chai ya rangi na kiazi kimoja tumboni. Nusu saa tuliyoongeza alasiri ni ndefu kwa mtoto wa namna hiyo. Nilipoketi naye hakudai kengele irudi ilikokuwa. Alitaka uji.

Ikaja zamu ya tangazo langu. Lina mistari mitatu: kuanzia Jumatatu, mstarini saa 2:00, atakayechelewa atachukuliwa hatua. Binti mmoja akasimama, akasema kwa adabu kwamba tangazo halisemi kwa nini, wala halisemi watoto watatoka saa ngapi. Mwalimu akamuuliza lengo la mwandishi ni nini. "Tutii," akajibu, akaketi.

Ni kweli. Niliandika nikitaka mtii, nikaacha yale ambayo yangewasaidia kuelewa. Siku ile ya kwanza akina bibi walifika getini saa 9:00 kuwachukua wajukuu, wakasimama nusu saa nzima kwenye manyunyu kwa sababu yangu. Naomba radhi.

Sababu niliyopaswa kuiandika tangu mwanzo ni hii. Asubuhi moja mwishoni mwa Aprili nilimkuta mtoto wa Darasa la Pili nje ya mlango wa darasa. Penseli yake ilidondoka, akainama kuiokota, ikamponyoka. Akajaribu tena. Vidole vilikuwa vimekataa kukunjika. Sweta lilikuwa limelowa umande mpaka viwikoni, kwa kupita katikati ya michai. Alikuwa ametoka nyumbani saa 12:00. Mwezi Juni huku kwetu jua huchomoza karibu saa 12:50, wakati Novemba huchomoza karibu saa 12:10, na sisi tulikuwa tunapiga kengele ile ile mwaka mzima. Juu ya giza weka ukungu, na juu ya ukungu weka malori ya magogo yanayoteremka kuelekea Mafinga. Yule wa Darasa la Tano, katika insha aliyomwandikia bibi yake, alisema zamani alikuwa analisikia lori kabla hajaliona, na siku hizi analiona kwanza. Hakutaka chochote kwa msomaji wake isipokuwa bibi aone anachokiona yeye. Kati ya maandishi yote manne, hilo ndilo lililoeleza vizuri kwa nini tulisogeza kengele.

Barua hii nayo ina malengo, niyaseme kabla hamjayatafuta. La kwanza, nataka mkubali ratiba hii iendelee hadi mwisho wa Agosti, baridi itakapopungua, kisha turudi saa 1:30. La pili, nataka tukubaliane kuhusu uji wa saa 4:30 kwa watoto wote: mahindi kiasi gani kwa kila kaya, nani atasaga, nani atapika. Sijapanga kiwango, wala hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango. Na msijeniuliza baadaye nimeacha nini: kuni za jikoni hazitoshi, na sufuria kubwa tunayo moja.

Kikao cha wazazi kitakuwa Jumamosi ya kwanza baada ya kufungua shule, saa 4:00 asubuhi, katika chumba cha Darasa la Saba. Maandishi yote manne yatakuwa yamebandikwa ukutani. Anayepinga ratiba aje apinge. Yule mama nimemwomba azungumze wa kwanza, naye amekubali.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu